Parke, hifadhi au msitu wa jamii: mlima wenu muuweke chini ya karatasi gani?

Baba mdogo alishuka kutoka milima ya Mwenga mwezi wa sita, mfuko wa plastiki ameuficha ndani ya koti kama mtu aliyebeba pesa. Mfukoni mlikuwa na karatasi tatu zilizokunjwa mara nne: barua ya shirika moja linalohimiza vijiji viombe msitu wao, mwaliko wa mkutano wa hifadhi, na nakala ya ramani iliyopauka mpaka mito haionekani. Akaketi jikoni kwetu Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, akangoja chai ipoe, akasema: "Mwanangu, ninyi ndio mnaosoma. Tutie sahihi ipi?"

Siku ile sikuwa na jibu. Nilimjibu kidogo kidogo kwa wiki mbili, mengine kwa simu alipokwisha rudi. Nayaandika hapa kwa sababu swali lake wanalo wengi wanaoishi kati ya parke ya Kahuzi-Biega na hifadhi ya Itombwe, na majibu wanayopewa hutegemea nani ameleta chumvi na sabuni kwenye mkutano.

Mlima wetu uko hivi. Chini kuna mihogo na maharagwe. Ukipanda saa moja unaingia msituni, na kadiri unavyopanda miti inakuwa mifupi, imevaa kuvumwani na ukungu. Kisha mianzi. Kisha unatokea ghafla kwenye nyasi: vilima vitupu, upepo, ng'ombe, na vijito vinavyoanzia kwenye matope meusi. Kabla ya kusoma barua ya mtu yeyote, ulizaneni hili: mnataka kulinda msitu peke yake, au msitu pamoja na nyasi zilizo juu yake? Karatasi zinazotembezwa vijijini hazijibu swali hilo kwa namna moja, na mimi naona hapo ndipo uamuzi wote ulipo.

Parke ya taifa

Hii tunaijua kwa macho. Kahuzi-Biega iko mlangoni mwa Bukavu. Ilitangazwa kuwa parke mwaka 1970, ikiwa na hekta 60,000 za mlimani. Mwaka 1975 ikapanuliwa hadi hekta 600,000 kwa kuongezwa msitu wa bondeni. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980, na mwaka 1997 ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Sheria ya parke ni fupi: hakuna kuishi, hakuna kulima, hakuna kuwinda, hakuna kukata. Mwenye ufunguo ni ICCN, taasisi ya Serikali inayosimamia uhifadhi. Nguvu yake ni hiyo hiyo. Mtu akikamatwa na mtego au gunia la makaa ndani ya mpaka, hakuna mjadala wa mila wala wa ukoo. Na mpaka wa parke hauchagui: mlima Kahuzi wenye mita 3,308, mianzi yake, vinamasi vyake na uwazi wake wa juu, vyote viko ndani.

Ila hesabu za gorila zinaonyesha kwamba mpaka hauna mikono. Mwaka 1996 upande wa juu wa parke ulikuwa na gorila karibu 250. Vita vikapita, na mwaka 2000 walibaki kama 130. Tembo wa upande huo karibu wote waliuawa. Baadaye walinzi waliporudi kazini hesabu ilipanda tena, na mwaka 2015 walihesabiwa 213. Karatasi ilikuwa ile ile miaka yote hiyo. Kilichobadilika ni nani alikuwa msituni na bunduki, na nani alikuwa analipwa mshahara.

Gharama ya upande wa pili ilibebwa na Batwa, wenyeji wa asili wa msitu ule. Waliondolewa msituni bila kuulizwa na bila fidia ya maana, na watoto wao wamekua pembezoni mwa mashamba ya watu wengine. Oktoba 2018 baadhi yao walirudi ndani kwa nguvu, na damu imemwagika pande zote mbili, ya walinzi na ya Batwa. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa hadharani uamuzi wake kwamba Serikali ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega. Kijiji chochote ambacho kitaambiwa "parke haina shida, tutaelewana baadaye" kianze kwa kumuuliza Mtwa mmoja wa Kalehe au Kabare.

Baba mdogo aliponiuliza kama tunaweza kuomba parke, nilicheka. Parke haiombwi na kijiji. Nimeiweka hapa kwa sababu kila mtu milimani akisikia neno "uhifadhi" anaona parke, anaona kufukuzwa, na anakataa hata kusikia yaliyobaki.

Hifadhi ya asili, kwa mfano wa Itombwe

Itombwe ilianza vibaya. Mwaka 2006 waziri alitia sahihi Kinshasa, hifadhi ikazaliwa, na watu waliokuwa wanaishi ndani yake wakapata habari kwa redio na kwa uvumi. Kelele zilipigwa, na zilistahili kupigwa. Kilichofuata ndicho kinachoifanya Itombwe iwe tofauti: miaka kumi ya mikutano na ramani zilizochorwa na wenyeji wenyewe, kijiji kwa kijiji, hadi mpaka mpya ulipotiwa sahihi jimboni mwaka 2016. Eneo lililobaki ni kilomita za mraba karibu 5,700.

Ndani ya mpaka huo ardhi imegawanywa. Kuna sehemu ya ulinzi kamili ambako hakuna anayegusa kitu. Kuna sehemu ya matumizi, na kuna sehemu ya maendeleo ambako watu wanaishi na kulima. Kwa mtu wa Mwenga, Fizi au Uvira tofauti na parke ni kubwa: nyumba yako inaweza kuwa ndani ya hifadhi na ukabaki ndani ya nyumba yako.

Na hapa nyasi zina jina. Itombwe imepanda hadi mita zaidi ya 3,400 kwenye mlima Mohi, na sehemu kubwa ya juu ni malisho. Mito ya Ulindi, Elila na Lwama inaanzia huko. Wafugaji na wakulima wamekuwa wakikutana kwenye nyasi hizo vizazi vingi, mara kwa amani, mara kwa mapanga. Mfugaji anayeshusha ng'ombe kwenye ardhi ya mwami (chifu) mwingine wakati wa kiangazi hulipa itulo, ada ya malisho, na ugomvi mwingi unaoitwa wa kabila huanzia hapo: nani alilipa, nani alipokea, ng'ombe wa nani aliingia kwenye mihogo ya nani. Mgawanyo wa hifadhi angalau unaiweka nyasi kwenye ramani moja na msitu, watu wakaijadili ikiwa na rangi yake.

Niruhusiwe kuchepuka kidogo. Watu wanaofika Itombwe kutoka mbali hawaendi kutafuta gorila tu. Wengine wanamtafuta bundi. Mwaka 1951 alipatikana bundi mmoja mdogo ambaye sayansi ilikuwa haimjui, akapewa jina la Alexandre Prigogine, aliyekuwa akifanya kazi kwenye dhahabu ya Kamituga na kukusanya ndege kwa mapenzi yake. (Ndugu yake, Ilya, alipata Nobeli ya kemia mwaka 1977. Familia nyingine hazigawani sawasawa.) Bundi yule hakuonekana tena mikononi mwa mtafiti hadi 1996. Baba mdogo alisikiliza hadithi hiyo yote, kisha akasema kwao bundi akilia juu ya paa mtu anafukuzwa kitandani. Hakuona kwa nini mtu apande ndege kuja kumtafuta.

Udhaifu wa hifadhi ni kwamba mwenye neno la mwisho bado ni ICCN. Kamati za vijiji zipo, lakini mlinzi akikosea hamna wa kumwondoa. Pia hifadhi haiombwi kirahisi na kijiji kimoja. Ama mmo ndani ya Itombwe ama hammo. Kama mpo ndani, swali lenu si kuchagua hifadhi. Ni kuhakikisha mstari wa ulinzi kamili haujapita kwenye kaburi la babu yenu wala kwenye njia ya ng'ombe. Nenda na wazee watatu kwenye mkutano, si kijana mmoja mwenye simu nzuri.

Msitu wa jamii

Hii ndiyo iliyomleta baba mdogo mjini. Kifaransa wanaiita konsesheni ya msitu ya jamii za wenyeji. Mlango wake ulifunguliwa na sheria ya misitu ya 2002, ukawekewa bawaba na amri ya serikali ya Agosti 2014, na maelezo ya namna ya kuusimamia yakafuata mwaka 2016. Kiini chake ni kifupi: jamii inayomiliki msitu kwa mila inaweza kupewa hati ya msitu huo, hadi hekta 50,000, bila kulipia na bila mwisho wa muda. Anayetia sahihi ni gavana wa jimbo.

Soma tena: bila mwisho wa muda. Hakuna karatasi nyingine ambayo Serikali ya Kongo inawapa wakulima wa milimani yenye maneno hayo.

Na msitu huo ni wenu kuutumia kwa namna nyingi mradi msiumalize. Mnaweza kuvuna asali, kukata mbao kwa mpango, kuacha sehemu isiguswe kabisa kwa ajili ya gorila na sokwe, kupokea wageni. Mnaandika wenyewe mpango rahisi wa usimamizi, na mnaupitia upya kila miaka mitano. Mnakuwa na vyombo vinne: baraza la jamii yote, kamati ya usimamizi, kamati ya kukagua kamati ya usimamizi, na baraza la wazee. Nasisitiza ile ya tatu. Nimeshuhudia kijiji kimoja ambako kamati ya usimamizi na kamati ya ukaguzi zilikuwa mwenyekiti na mke wake. Mbao ziliondoka usiku kwa malori mawili, na asubuhi ukaguzi ukasema hakuna kilichoibiwa.

Kati ya Kahuzi-Biega na Itombwe, Strong Roots, shirika lililoanzishwa mwaka 2009 hapa kwetu, linasaidia jamii zipate konsesheni zinazopakana, ili wanyama wapate njia ya kupita kutoka parke hadi hifadhi. Wazo hilo nalipenda kwa sababu moja inayoshikika: gorila waliofungiwa kwenye mlima mmoja huzaana wenyewe kwa wenyewe. Ukanda wa Nindja, unaounganisha sehemu mbili za Kahuzi-Biega, ulikaliwa na mashamba na ng'ombe, na parke ikabaki kama shati lenye kola na pindo bila katikati.

Sasa mabaya yake. La kwanza ni dhahabu. Hati ni ya msitu. Kilicho chini ya udongo ni cha Serikali. Kwenye parke na kwenye hifadhi sheria inakataza kutoa kibali cha kuchimba, hata kama wachimbaji wadogo wamo humo bila kibali. Kwenye msitu wa jamii katazo hilo halipo. Mtu anaweza kuja na kibali halali kutoka Kinshasa na mkamwonyesha hati yenu halali, mkabaki mnatazamana. Kwa Mwenga, ambako Kamituga na Luhwindja ziko jirani, hilo si jambo la kufikirika.

La pili ni sahihi yenyewe. Tangu Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, swali la gavana gani atatia sahihi na nani ataitambua si la mzaha. Ushauri wangu ni kufanya sasa yale ambayo hayaozi: orodha ya koo, ramani, kumbukumbu za mikutano zenye sahihi za majirani wanaokubali mpaka. Ofisi zikitulia, mtakuwa mbele ya wengine kwa mwaka mzima.

La tatu ni nyasi, nami nataka kukaa hapo kidogo.

Ukingo

Mwaka juzi nilipanda na baba mdogo mwishoni mwa kiangazi hadi mahali msitu unapoishia. Ukingo ule ulikuwa kama umekatwa kwa kisu. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa kwenye majivu, na mashina ya nyasi yamebaki kama ndevu zilizonyolewa vibaya. Mguu wa kulia ulikuwa kwenye kuvumwani lenye maji. Ukilikanyaga linatoa sauti. Kati ya miguu miwili palikuwa na vichaka vilivyoungua upande mmoja tu: majani ya upande wa nyasi yamekauka rangi ya chai, ya upande wa msitu bado mabichi. Baba mdogo akaniambia alipokuwa kijana ukingo ulikuwa pale, akanyoosha mkono kwenye jiwe jeupe lililo mbali kwa mwendo wa dakika kumi, katikati ya malisho.

Wafugaji huchoma nyasi kuukuu ili mvua ya kwanza ilete nyasi changa. Moto haulengi msitu. Lakini kila mwaka unaramba vichaka vya ukingoni, vile vinavyouzuia upepo mkavu usiingie ndani. Mwaka ujao miti iliyokuwa nyuma inakuwa mbele. Hakuna shoka lililoingia, na msitu unarudi nyuma.

Hati ya msitu wa jamii inaanza na miti. Nyasi zilizo juu yake, ambako moto unawashwa, kwa kawaida ziko nje ya ramani yake. Mnaweza kuwa na hekta elfu kumi zenye mhuri na mkaendelea kuzipoteza kwa kiberiti cha mtu asiyehusika na hati yenu. Kwa upande huu hifadhi yenye sehemu zake ina faida ya kweli, na parke hata zaidi.

Jambo jingine ambalo watu wa miradi hulikosea: si kila nyasi za juu ni msitu uliokufa. Nyingi ni za kale, zina maua yake, ndege wake, na vinamasi vinavyotunza maji ya kiangazi chote. Mtu akija na miche ya mikaratusi kuzipanda akisema anarudisha msitu, mshukuruni na mwelekezeni mashambani, kwenye kuni. Mikaratusi juu ya chanzo cha kijito inakunywa maji ya kijiji cha chini.

Kwa hiyo, ipi?

Kama mko ndani ya mpaka wa Itombwe, nguvu zenu ziende kwenye mgawanyo wa sehemu. Msipoteze miaka kuomba hati nyingine juu ya ardhi ambayo tayari ina hati. Tayna, kule Lubero, iliasisiwa na jamii zenyewe na ikawa hifadhi ya asili mwaka 2006. Kumbe hifadhi inaweza kuanzia chini, ila bila kamati zenye meno inageuka mali ya ofisi.

Kama mko nje, na msitu ni wa koo zenu kwa mila isiyobishaniwa, mimi nachagua msitu wa jamii bila kusita sana. Hata kukiwa na hatari ya dhahabu. Mwenye kibali cha madini akikuta kijiji kisicho na karatasi, anazungumza na mwami peke yake. Akikuta hati na kamati, analazimika kuzungumza na watu mia mbili, na watu mia mbili hawanywi bia moja wakanyamaza.

Kama mpaka wenu unabishaniwa na kijiji jirani au na wafugaji, msiombe chochote bado. Karatasi juu ya ugomvi inaufanya ugomvi uwe na mhuri.

Na kama kuna Batwa kati yenu, majina yao yawe kwenye orodha ya koo tangu ukurasa wa kwanza, si "pia na wengine" mwishoni. Sheria ya Julai 2022 kuhusu mbilikimo wa asili inawatambulia haki zao. Zaidi ya hayo, wao ndio wanaojua sokwe analala wapi na mzinga wa asali uko mti gani. Mpango wa usimamizi ulioandikwa bila wao utakuwa wa kubahatisha.

Fedha sijazitaja sana, kwa makusudi. Hati ni bure, safari za kuifuata si bure, na wageni wa kulipa kuona gorila hawaji panapolia risasi. Asiyeweza kuueleza mradi bila neno "watalii" hana mradi kwa sasa.

Kwa nyasi, nilimwambia baba mdogo afanye jambo ambalo halimo kwenye karatasi yoyote kati ya zile tatu: kabla ya mwezi wa nane awaite wafugaji wa juu, wakubaliane tarehe moja ya kuchoma, mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu ili moto uwe mdogo, na wafyeke mkanda wa hatua kumi ukingoni mwa msitu kwa mikono ya pande zote mbili. Itulo ya mwaka ule ipunguzwe kwa watakaofyeka. Wazee wakubali kuiandika, na nakala moja ibaki kwa wafugaji.

Alipiga simu majuma matatu baadaye, sauti inakatika kwa upepo. Mkutano ulifanyika. Mkanda ulifyekwa kwa siku mbili, halafu mvua ikaja mapema. Ramani nayo wameianza, chini kwenye udongo wa ua wa mwami: majivu ni nyasi, majani ya mianzi ni msitu, punje za mahindi ni nyumba. Walifika hadi kwenye kijito cha mashariki wakasimama, maana kina majina mawili, moja letu na moja la majirani, na kila upande unasema jina lake ni la tawi la kushoto. Kesho wanapanda wote kwenda kukiona.